Setilaiti hainunuliwi kama gari: jibu kwa mwalimu wa Kisauni

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia shule ya upili, Kisauni, Mombasa. Tulipofika mada ya mizunguko niliwasimulia wanafunzi habari za Taifa-1, ile setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023. Mmoja akauliza kwa nini ilipitia Bulgaria na Marekani. Mwingine, ambaye mamake ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, akasema mamake amemwambia kwamba setilaiti kisheria ni silaha, na huwezi kuinunua kwa sababu tu una pesa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na hakika. Je, ni kweli? Na mtu akiinunua ikiwa tayari iko juu, inakuwa yake? Ushuru wake je, unalipwa wapi?

Jibu: Mwalimu, salamu zimefika. Mwambie mwanafunzi wako kwamba mamake yuko sahihi kwa sehemu kubwa, na kuna wakati angekuwa sahihi kabisa. Kuanzia Machi 1999 hadi Novemba 2014 sheria ya Marekani iliziweka setilaiti za kibiashara, hata ile ya kurushia mpira na tamthilia tu, katika orodha moja na vifaru na makombora. Siku hizi nyingi zimetolewa humo, lakini bado zina kufuli. Limehamishwa tu kutoka mlango wa Wizara ya Mambo ya Nje kwenda mlango wa Wizara ya Biashara.

Utauliza, sheria ya Marekani inamhusu nini mtu wa Kisauni? Fikiria pilau. Hakuna duka moja lenye viungo vyote. Mwili wa setilaiti unaweza kutoka Bulgaria, lenzi Japani, paneli za sola Ujerumani, na ndani kabisa kuna chipu moja ya Marekani. Kwa kanuni zile za silaha, zinazojulikana kwa kifupi chake ITAR, chipu hiyo moja inatosha kuifanya setilaiti nzima ihesabike ya Kimarekani. Muuzaji wa iliki anakuja hadi mezani kwako kuuliza umemkaribisha nani. Ukitaka kuiuza, kuikodisha, kuipeleka nchi nyingine ikarushwe, hata kumwonyesha mhandisi wa nchi nyingine michoro yake, unarudi kuomba ruhusa.

Chini ya kanuni nyepesi za Wizara ya Biashara hesabu ni ya asilimia. Kwa nchi nyingi, thamani ya vipuri vya Marekani isipozidi asilimia 25 ya kifaa kilichoundwa nje, unaachwa upite. Lakini kwa China na nchi nyingine zilizowekewa vikwazo vya silaha kiwango ni sifuri. Iliki moja tu, sufuria yote imezuiwa.

Nimefanya kazi ya kusoma mikataba na fomu za namna hii kwa miaka mingi, na niseme ukweli, kinachochosha hasa ni vitu vidogo. Kuna chuo kimoja kiliagiza kihisi cha jua, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachoiambia setilaiti jua liko upande gani. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko pikipiki. Muuzaji akataka karatasi ya mtumiaji wa mwisho, yaani ahadi ya maandishi kwamba chuo hakitakiuza, hakitakigawa wala kukitumia kwa kombora. Mkuu wa idara akatia sahihi siku hiyo hiyo. Ikarudi: wanataka sahihi ya serikali. Wizarani kila ofisi ikasema hiyo ni ya ofisi ya jirani. Kihisi kilikaa miezi mitano rafuni kwa muuzaji, na wanafunzi waliokiagiza wawili wakahitimu bila kukishika. Kilipofika Nairobi hatimaye, afisa wa forodha akakigeuzageuza, akaniuliza, "Hiki ni kipya au mtumba?" Tulicheka sote, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Nitalirudia.

Kisa kinachopendwa zaidi na watu wa kazi hii si changu. Ni cha kampuni ya Bigelow ya Marekani, iliyopeleka chombo chake Genesis I Urusi kikarushwe mwaka 2006. Pamoja na chombo lilikwenda stendi la alumini la kukiegemezea. Mwanasheria wao, Mike Gold, amesimulia mara nyingi kwamba ukiligeuza stendi lile juu chini ulikuwa na meza ya kahawa, basi. Lakini kwa kuwa lilikuwa kifaa cha setilaiti, lilikuwa silaha, na silaha haiachwi peke yake ugenini. Wakalipa walinzi wawili wakeshe wakiilinda meza.

Msiwacheke sana Wamarekani. Wana sababu, na kwa mwalimu wa fizikia sababu hizo ni mali ya darasani. Roketi inayoweza kuweka tani moja kwenye mzunguko inaweza pia kubeba kichwa cha kombora hadi bara jingine. Chipu iliyotengenezwa kustahimili mionzi ya angani inaweza kustahimili pia mionzi ya bomu la nyuklia. Na kamera inayohesabu mihindi shambani inahesabu pia malori kambini. Mwaka 2014, walipoandika upya orodha, waliamua kwamba kamera ya kutazama dunia ibaki upande wa silaha ikiwa kipenyo cha darubini yake kinazidi sentimita 35. Mwaka 2017 wakapandisha hadi 50. Wape wanafunzi kanuni ya utengano, 1.22 mara urefu wa wimbi gawanya kwa kipenyo, kisha mara kimo, kwa mwanga wa nanomita 550 na kimo cha kilomita 500. Kwa sentimita 35 watapata kitu kidogo kabisa kinachotofautishwa ardhini ni cha sentimita 96 hivi. Kwa 50 watapata 67. Yaani mwanasheria alikuwa na mwanafizikia ubavuni wakati anaandika.

Sasa, ilikuwaje hata setilaiti ya kurushia tamthilia ikaingizwa kwenye kapu la vifaru? Hapa inabidi twende Xichang, kusini-magharibi mwa China, alfajiri ya Februari 15, 1996. Roketi mpya ya China, Long March 3B, ilikuwa inaruka kwa mara ya kwanza, juu yake imebeba Intelsat 708, setilaiti iliyoundwa na kampuni ya Loral ya California. Ilipoacha jukwaa tu ikaanza kulala upande. Sekunde 22 baadaye ikapiga mlima jirani na makazi ya watu. Serikali ya China ilitangaza waliokufa ni 6 na majeruhi 57, hesabu ambayo wengi waliokuwako hawakuiamini.

Kilichofuata kilikuwa cha karatasi, na kikatikisa zaidi. Watu wa bima walikataa kukatia bima roketi hiyo tena mpaka waelezwe nini kilitokea. Ikaundwa kamati ya wataalamu, Loral wakiiongoza, ikachunguza, ikaandika ripoti, na ripoti ikafika mikononi mwa Wachina bila kibali. Washington wakauliza: anayemfundisha jirani kwa nini roketi yake ilipinda, si anamfundisha pia kwa nini kombora lake lingepinda? Zaidi ya hapo, vibao vya saketi vya kuficha mawasiliano vilivyokuwa ndani ya setilaiti havikuonekana katika mabaki. Bunge likaunda kamati, na mwishoni mwa 1998 ikapitishwa sheria iliyomnyang'anya rais uamuzi na kuzirudisha setilaiti zote kwenye orodha ya silaha. Loral na Hughes, kampuni nyingine iliyohusishwa na kesi kama hiyo, baadaye walilipa faini za mamilioni ya dola.

Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: sheria ile iliwaumiza Wamarekani wenyewe kabla ya kumuumiza mtu mwingine. Wafaransa waliona mwanya. Kampuni inayoitwa leo Thales Alenia Space ikaunda setilaiti waliyoitangaza kuwa haina hata kipuri kimoja cha ITAR. Ndivyo Chinasat 6B ilivyorushwa kwa roketi ya China Julai 2007, na Palapa D ya Indonesia mwaka 2009. Wanunuzi waliochoka kusubiri vibali wakahamia huko. Neno lenyewe "haina ITAR" likawa tangazo la biashara, kama mchinjaji anavyobandika "halali" mlangoni. Likaja kuingia doa mwaka 2013, Aeroflex, kampuni ya Marekani, ilipokubali kulipa dola milioni 8 kwa kuuza nje bila vibali vipuri vya kielektroniki vilivyokuwa chini ya ITAR, vingine vikaishia China.

China nayo haikukaa kusubiri. Ikaanza kuuza mzigo kamili: setilaiti, roketi, vituo vya ardhini, mafunzo ya wahandisi, na mkopo wa kulipia vyote hivyo. Nigeria ilikuwa mteja wa mwanzo, kwa mkataba wa Desemba 2004. NigComSat-1 ikaruka Mei 2007, ikafa Novemba 2008 kwa hitilafu ya umeme wa paneli zake. Watu walicheka sana Lagos, lakini mimi nausifu mkataba ule: bima ilikuwapo, na Desemba 2011 ikarushwa nyingine, NigComSat-1R, bila Nigeria kulipia tena. Angola yaliwakuta hayo hayo na Warusi. AngoSat-1 ilirushwa siku moja baada ya Krismasi 2017, mawasiliano yakapotea, na AngoSat-2 ikaja kuruka Oktoba 2022. Mkiwa na wanafunzi wanaotaka kusoma sheria, waambieni huko kuna kazi. Kifungu cha "ikifa je" kina thamani kuliko picha zote za roketi kwenye kabrasha la muuzaji.

Taifa-1 ni kiumbe wa ukubwa mwingine kabisa. Ni masanduku matatu ya sentimita kumi kumi yaliyopangwa mstari, gharama yake shilingi milioni 50 za Kenya. Wahandisi wetu waliibuni, na kampuni ya Endurosat ya Bulgaria ikashirikiana nao kuiunda na kuipima, kwa sababu setilaiti lazima itikiswe kama itakavyotikiswa na roketi na kuwekwa kwenye chumba kisicho na hewa, ipate joto na baridi kwa zamu, na vyumba hivyo vina gharama. Huko Marekani Taifa-1 ilikwenda kutafuta usafiri. Falcon 9 iliyoibeba kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023 ilikuwa matatu hasa: setilaiti kadhaa za wateja mbalimbali, kila mmoja amelipia kiti chake. Kwa nchi inayoanza, hiyo ndiyo njia ya busara, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Usafiri wenyewe nao umewahi kuwa na mgao. Watu wamesahau kwamba mwaka 1989 Marekani na China walitia sahihi makubaliano kwamba China isirushe zaidi ya setilaiti 9 za wateja wa nje hadi mwisho wa 1994, na isiuze kwa bei ya kutupa. Warusi walipewa yao mwaka 1993: safari 8 za mzunguko wa mbali hadi mwaka 2000, idadi ambayo baadaye iliongezwa. Kama mgao wa sukari. Ungedhani anga ni wazi kwa wote, kumbe kuna daftari la dukani. Na siasa ikichafuka, hata uliyekwisha kulipa unaweza kubaki mikono mitupu. Machi 2022 kampuni ya OneWeb ya Uingereza ilikuwa na setilaiti zake 36 juu ya roketi ya Kirusi huko Baikonur, siku chache kabla ya kuruka, vita ya Ukraine ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Warusi wakadai serikali ya Uingereza iuze hisa zake kwanza. Uingereza ikakataa. Roketi ikateremshwa na setilaiti zikaachwa hukohuko, na OneWeb ikaandika hasara ya zaidi ya dola milioni 229.

Sasa nirudi kwa afisa wangu wa forodha: kipya au mtumba? Mtumba wa angani upo. Februari 1984 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Challenger kiliachia setilaiti iitwayo Westar 6, iliyoundwa na Hughes. Injini yake ya kuipandisha ikazima mapema, ikabaki inazunguka mahali pasipo na faida. Bima ikamlipa mwenyewe, na kwa hiyo mzoga ukawa wa watu wa bima, kama gari lililopinduka Mariakani. Novemba mwaka huo wanaanga wa Discovery, chombo kingine cha aina hiyo, wakaifuata, yenyewe na mwenzake Palapa B2 wa Indonesia, wakazishika kwa mikono na kuzirudisha duniani. Kuna picha ya mwanaanga Dale Gardner akielea juu ya dunia ameshika bango la maneno mawili ya Kiingereza, maana yake "Inauzwa". Alikuwa anatania, ila ilikuwa kweli. Ikakarabatiwa, ikanunuliwa na kampuni ya Hong Kong, ikapewa jina AsiaSat 1. Ili ikarushwe Xichang ilihitaji kibali cha Rais wa Marekani, na baada ya mauaji ya Tiananmen ya Juni 1989 kibali kikawa mashakani, hadi Rais Bush mkubwa akakiruhusu Desemba mwaka huo. Ikaruka Aprili 7, 1990. Setilaiti ya mtumba, imeshavaliwa, imefuliwa, imepigwa pasi.

AsiaSat 1 ndiyo inayonipa jibu la swali lako la umiliki, maana mambo mawili hapa yasichanganywe. Umiliki wa mali unahamishika hata ikiwa juu: mnatia sahihi, mnakabidhiana namba za siri za kuiongoza, imekwisha. Mikataba mingi mikubwa imeandikwa hivyo tangu mwanzo, kwamba mnunuzi anakabidhiwa ikiwa tayari iko kwenye mzunguko na imepimwa. Lakini Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema kila setilaiti iko chini ya mamlaka ya nchi iliyoiandikisha, na ule wa 1972 unasema ikisababisha madhara inayolipa ni nchi iliyoirusha. Nchi hiyo inaweza kuwa iliyorusha yenyewe, iliyoagiza irushwe, au ambayo ardhi yake au kituo chake kilitumika. Hilo halifutwi kwa kuuza. Binti anaolewa, ubini wa babake unabaki. Hong Kong iliporudishwa China Julai 1997, Uingereza iliifuta AsiaSat 1 na wenzake katika daftari lake na China ikaziandikisha upya, na hilo liliwezekana kwa urahisi kwa sababu China yenyewe ndiyo iliyozirusha. Ingekuwa nchi ya tatu isiyohusika, mawakili wangekula vizuri. Kuhusu kulipa, mfano mzito ni Kosmos 954 ya Wasovieti, iliyoanguka Kanada Januari 1978 na mtambo wake wa nyuklia. Wasovieti walilipa dola milioni 3 za Kanada.

Wanafunzi wako wa Pwani wafikirie hilo kisha watazame kaskazini ya Malindi. Kwenye majukwaa ya Ngomeni Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, moja ikiitwa Uhuru kwa kuwa ilipaa Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri. Kwa tafsiri ya mkataba wa 1972, mwenye ardhi naye hana pa kujificha.

Masafa ya redio na nafasi ya mzunguko ni mada nyingine, na yanaombwa kwenye shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU. Nitataja jambo moja tu. Mwaka 2021 Rwanda iliomba nafasi kwa ajili ya setilaiti zaidi ya 300,000, kwa niaba ya kampuni ya kigeni. Kalamu haigharimu kama roketi, ila ITU inatoa miaka 7 ya kuanza kuyatumia masafa, la sivyo haki inapotea.

Umeuliza ushuru. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa setilaiti ina namba yake, 8802.60, sura moja na ndege, kwa hiyo mama wa mwanafunzi akiamua kutafuta ataiona. Kinachochekesha ni kwamba sheria ya Marekani inasema wazi kuwa kurusha mzigo angani hakuhesabiki kuwa ni kuusafirisha nje. Setilaiti ya Kenya ikiondoka California kwenda juu haijatoka Marekani kiforodha, na ikipita juu ya Kisauni haijaingia Kenya. Hakuna kontena, hakuna muhuri, hakuna wakala. Kinachoweza kupita mikononi mwa mama huyo ni antena ya kituo cha ardhini, na hiyo ina namba nyingine, na ikichelewa bandarini inatozwa faini ya kuhifadhi kama mzigo mwingine wowote.